Khanga ya Wiki ya Kwanza

Komeo lilikuwa ndani. Hilo ndilo lililomuudhi Nyamizi kuliko yote. Angefungiwa kwa nje, kama mwizi, angepata wa kumlaumu. Angeupiga mlango mateke, angetukana, angelia mpaka mtaa mzima wa Ng'ambo usikie. Lakini komeo lilikuwa upande wake, na kila asubuhi alilitazama, akanyoosha mkono, akaurudisha.

Chumba chenyewe kilikuwa cha uani, nyuma ya nyumba kubwa. Zamani kilikuwa stoo ya mahindi na baiskeli mbovu ya mumewe, Sixbert. Sasa kilikuwa na kitanda, ndoo ya maji, meza ya plastiki, dirisha moja la nondo linalotazama ua, na upenyo wa nyuma wa kwendea choo ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikanyaga. Joto la Oktoba liliingia asubuhi na halikuwa na haraka ya kutoka. Ukuta mmoja alichangia na mama mkwe wake, Mama Apolinaria, na huko upande wa pili wa matofali ndiko alikolala Kabula, binti yake wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa akimlilia.

Hakuwa na ukoma, wala kifua kikuu, wala hakurogwa, ingawa hayo yote yalishasemwa mtaani na watu wasio na kazi. Nyamizi alikuwa mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya mjini Tabora, na ugonjwa wake ulikuwa shingoni. Tezi ilikutwa na saratani, ikakatwa. Ila tezi ni kama ukoka shambani, hata ung'oe vipi mizizi hubaki. Kuimaliza mizizi hiyo alipelekwa Mwanza, akawekwa peke yake, na muuguzi akamletea kidonge ndani ya kopo la madini ya risasi, akakitoa kwa koleo, akamkabidhi, akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. Kilikuwa kidonge cha iodini yenye mionzi. Nyamizi alicheka. Miaka yote alikuwa akiichora iodini ubaoni, leo anaimeza.

Alijua itakavyofanya kazi, na kujua huko kulimpa faraja mwanzoni. Shingo haijui kusoma. Kwake iodini ni iodini. Iliyomo kwenye chumvi ya dukani na iliyomo kwenye kidonge zinakaa kibanda kimoja katika jedwali la elementi. Zina protoni sawasawa, zinanyakua elektroni moja kwa ulafi uleule na kuwa ioni, zinayeyuka majini vilevile, na tezi inazifakamia zote bila kuuliza. Tofauti imejificha katika kiini. Ile ya kidonge imebeba nyutroni za ziada, na mzigo huo hauiachi itulie. Kila siku nane zikipita, nusu yake inakuwa imegeuka; nane nyingine, nusu ya iliyobaki. Kila atomu inayogeuka inatema mionzi yake, inahamia kibanda cha jirani mkono wa kulia, na kuwa zenoni, gesi isiyotaka undugu na mtu. Baada ya hapo haina tena neno na wewe.

Ili tezi iwe na ulafi wa kutosha, kwanza ilibidi ishindishwe njaa. Wiki kadhaa kabla ya safari Nyamizi alikatazwa samaki, maziwa, mayai na chumvi yenye iodini. Ni Mama Apolinaria aliyezunguka sokoni mpaka akapata chumvi ya mawe ya upande wa Uvinza, isiyotiwa kitu, ya rangi ya vumbi, aina ileile iliyokuwa ikipita Tabora vichwani mwa watu kabla reli haijafikiriwa. Akaitwanga mwenyewe, akapika chungu cha pekee, na akawakemea waliochungulia. Kwa hiyo asije mtu akasema mama mkwe huyu hakumpenda mkwewe. Alimpenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyoleta balaa.

Hospitali walimruhusu kurudi nyumbani kwa sharti: wiki tatu asikae karibu na mtoto wala mjamzito. Mpango ulikuwa Kabula apelekwe Ziba kwa bibi yake mzaa mama. Alipelekwa. Alishikwa na homa, akakataa kula, akalia mpaka sauti ikamkauka, na wakamrudisha mikononi mwa Mama Apolinaria kabla hajafa njaa. Sixbert naye kazi yake ilikuwa kwenye reli, kambi yao ikiwa Kigwa, akija mwisho wa wiki na kusimama katikati ya ua akimsemesha mkewe kwa sauti ya juu, kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Sasa lilikuja suala la kuwaeleza watu wa nyumbani. Hapo ndipo mwalimu wetu alipojikwaa, na ninamwonea huruma, maana alijikwaa kwa aibu.

"Ni hivi, mama," alimwambia Mama Apolinaria kupitia dirishani siku ile aliyofika. "Nichukulie kama jiko la mkaa. Mimi ndiyo jiko. Ukikaa karibu unaungua, ukikaa mbali huna shida. Na kila siku mkaa unazidi kuzimika."

"Jiko," alisema Mama Apolinaria, akatikisa kichwa. "Hilo nimelielewa."

Ulikuwa mfano mzuri, lakini ulikuwa nusu ya habari. Mionzi ndiyo joto, sawa. Lakini mkaa wenyewe ulikuwa umeyeyuka ndani yake, na ulikuwa unatoka. Ulikuwa kwenye mkojo, kwenye mate, kwenye jasho. Kila alichokilowesha kwa jasho wiki ya kwanza kilibeba kipande cha jiko. Hospitali walimwambia wazi: nguo za siku zile ziwekwe kando mionzi yake ijifie yenyewe ndipo zifuliwe. Nyamizi akazitia kwenye ndoo ya plastiki kule nyuma karibu na choo chake, akafunika, akaweka jiwe. Lakini sababu hakuisema. Mwanamke anayeishi na mama wa mumewe, akianza kutangaza kwamba jasho lake ni sumu, lini tena mtu atakula ugali aliousonga? Habari hiyo ingevuka ua, ingefika sokoni, ingefika shuleni, nayo haina nusu ya siku nane. Habari ya namna hiyo haiozi. Akanyamaza.

Wiki ya pili ikaingia, na Kabula hakunyamaza. Alilia akiamka, akalia akioga, akalia akilazwa. Nyamizi alikaa kitandani ameziba masikio, kisha akayazibua, kwa sababu kutosikia kulikuwa kubaya zaidi. Mara mbili alijikuta amesimama mbele ya komeo bila kukumbuka alivyofika.

"Mama Kabula," Mama Apolinaria alisema asubuhi moja, amesimama mbali kama alivyoagizwa, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. "Nipe khanga yako moja uliyoivaa. Mtoto akiisikia harufu ya mama yake atalala. Ndivyo walivyomlaza Sixbert mwaka niliolazwa mimi hospitali."

"Hapana, mama. Nguo zangu ziacheni."

"Nguo tu, mwanangu. Siyo wewe."

"Mama, nimesema ziacheni!"

Alisema kwa ukali, na papo hapo akajuta. Mama Apolinaria aligeuka, akaenda zake jikoni. Alikuwa mtu wa kumeza maneno. Lakini jirani yao Yahaya hakuwa amemeza neno tangu azaliwe.

Yahaya alikuwa fundi viatu, kibanda chake kikiwa mbele ya nyumba, na alikuwa Mzaramo. Kwa asiyejua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakikatiza Uzaramo, wakigombea maji na kivuli mpaka ugomvi ukageuka kicheko. Mtani hanuniwi. Anakuja kwenye msiba wako na kuigiza maiti, anakuja kwa mgonjwa na kumwuliza amechelewa wapi kufa. Na akikamata kitu chako, amekiteka. Hukipati mpaka umkomboe, hata kama ni kiatu cha mguu mmoja.

Mchana ule alikuja uani huku amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Hodi hapa msibani!" alipaza sauti. "Wali uko wapi?"

"Hakuna msiba hapa, Yahaya," alijibu Mama Apolinaria, akianza kutabasamu.

"Hilo ndilo linalonichosha. Wanyamwezi hata kufa mnavuta miguu! Babu zenu walifika kwetu na mizigo, wakasema wanapumzika kidogo, wakamaliza mihogo yetu yote. Na huyu naye anapumzika. Mwalimu! Unapumzika mpaka lini?"

Nyamizi akaja dirishani. "Nikifa mimi nani atakupa makoko ya ugali, Mzaramo mvivu? Utarudi kwenu kula nazi."

"Aaa, yupo! Sauti ya punda ile, yupo!"

Wakacheka wote, na Nyamizi akacheka mpaka kidonda cha shingoni kikamvuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aingie humo. Kicheko hicho kilimlegeza mwili. Akajilaza, na usingizi ambao alikuwa ameutafuta siku zote ukamchukua.

Aliamshwa na ukimya.

Alikaa kitako. Hakuna aliyelia. Akasogea dirishani. Kabula alikuwa kwenye mkeka katikati ya ua, ametulia kama maji ya mtungini, amejiviringisha khanga ya kijani yenye maua ya manjano. Khanga ya Nyamizi. Ile aliyoivaa hospitali na njiani kutoka Mwanza, iliyolowa jasho ikakauka na kulowa tena. Pindo lake mtoto alikuwa amelitia mdomoni, analinyonya, macho yamelegea kwa raha.

"Imetoka wapi hiyo?" Nyamizi aliuliza, na sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Imetoka wapi hiyo khanga?"

"Nimeiteka!" Yahaya alijipiga kifua, ameketi juu ya kinu. "Ndoo yako haina hata mlinzi. Bibi yake kaniambia mwanao anateseka na wewe umebana nguo kama bahili. Ukiitaka, jogoo."

"Mvueni! Mtoeni hiyo khanga!"

"Jogoo mmoja, mwekundu."

"Yahaya, mvue, nakwambia! Mtoe mdomoni! Atakufa!"

"Sikieni Mnyamwezi anavyolia na kitambaa," alisema Yahaya, akapiga makofi.

Mama Apolinaria alikuwa anacheka, mkono umeziba mdomo, machozi ya faraja yanamtoka kwa sababu mtoto amenyamaza. Kadiri Nyamizi alivyozidi kupiga kelele ndivyo utani ulivyozidi kunoga. Alitikisa nondo, nao wakamshangilia. Alisema neno sumu, Yahaya akajibu kwamba sumu ya Mnyamwezi ni uvivu wake. Kila alichokitamka kilipokelewa kama zamu yake katika mchezo, na hakukuwa na neno lililobaki kinywani mwake ambalo mtani asingeweza kulicheka. Na mtoto alikuwa ananyonya.

Akalivuta komeo.

Mlango uligonga ukuta. Alivuka ua bila viatu, akaichomoa ile khanga mdomoni na mwilini mwa mwanawe kwa nguvu kiasi kwamba Kabula alianguka chali. Hapo kicheko kilikatika. Kabula aliinua uso kulia, akaona ni nani aliyesimama juu yake, na kilio kikageuka njiani. Akainua mikono yote miwili.

Nyamizi alisimama. Nywele za mtoto zilikuwa zimesukwa na mtu mwingine, vibaya. Angeweza kuinama, ni kuinama tu. Badala yake alirudi nyuma nyuma, ameikumbatia khanga, akaingia chumbani, akasukuma komeo. Huko nje mtoto alitoa ukelele ambao hajawahi kuusikia kwake wala kwa mtoto mwingine.

"Mama!" aliita kupitia dirishani, akilia sasa bila kujificha. "Mwoshe mdomo. Mikono pia, mwoshe kwa sabuni. Hizo nguo mvue, uziweke mbali. Ile dawa imo kwenye jasho langu, mama. Siyo joto tu. Ni kitu chenyewe, kinashika kwenye nguo, na shingo ya mtoto inakipenda kuliko yangu."

Mama Apolinaria alikuwa tayari ana kata ya maji mkononi. Alimwosha mjukuu wake mpaka akamaliza, ndipo akageuka.

"Uliniambia jiko," alisema.

"Najua, mama."

"Nguo iliyotoka jikoni inapoa. Mimi jiko nalijua, mwanangu. Ungeniambia jasho, ningejua jasho."

Yahaya alikuwa amesimama kando ya kinu, ile nguo nyeusi ya kichwani ameivua na kuikunja mikononi.

"Mwalimu, naomba radhi," alisema kwa sauti ndogo, akaondoka. Hofu ikamshika Nyamizi upya. Mtani akishaomba radhi, jambo limeharibika.

Alimpigia simu Bi Magreth, yule aliyempima mionzi kule hospitali. Bi Magreth alimwuliza khanga ilivaliwa lini, mtoto amekaa nayo kwa muda gani, ameoshwa vipi. Alisema yawezekana kilichoingia ni kidogo sana. Nusu kubwa ilishageuka humo humo kwenye ndoo. Alisema wamlete Mwanza wampime shingo, na hiyo njia ya kuifikia ndoo aifunge. "Na usimkaribie, mwalimu," aliongeza. "Huo mguso wa dakika moja siuhesabu. Lakini asizoee kukuganda. Bado wewe ndiye unayetoa zaidi ya hiyo nguo."

Kidogo sana. Nyamizi alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Lakini alikuwa mwalimu, alijua pia kwamba shingo ya mtoto ni ndogo, na kwamba atomu haina huruma ya kubagua inageukia wapi.

Basi ungedhani shida imeisha. Haikuisha, kwa sababu mpaka mchana ule Kabula hakujua mama yake yuko wapi. Alikuwa akiulilia ulimwengu wote. Sasa alijua. Mama yuko nyuma ya mlango ule.

Alikuja akaupiga kwa viganja. "Mayu," alimwita mama yake kwa Kinyamwezi. "Mayu." Bibi akamwondoa, akarudi. Bibi akambeba mgongoni, akajirusha nusura aanguke. Akapewa uji, akaumwaga. Kila alipowekwa chini alielekea palepale, na mwishowe alijilaza kizingitini, ubavu wake kwenye ubao, akatulia.

"Mama, mwondoe hapo," Nyamizi alisema kutoka pembe ya mbali ya chumba, mgongo ukutani.

"Nimemwondoa mpaka nguvu zimeniishia. Anajua umo humo."

Mlango ulikuwa wa mninga, mzito, fahari ya Sixbert. Unazuia mvua na unazuia wezi. Mionzi ilikuwa inaupita kama vile pale pana pazia. Nyamizi alijibana kwenye pembe yake, kitanda kimesimamishwa mbele yake kwa upumbavu tu, maana alijua godoro halizuii kitu. Chumba kilikuwa kidogo. Hapakuwa na pembe nyingine ya kukimbilia. Alikuwa amejifungia ili mwanawe asimfikie, na mwanawe alikuwa amemfuata mpaka mwisho wa ukuta.

Kisha vidole vikaingia chini ya mlango. Vidole vidogo, vinne, vyenye vumbi, vikipapasa sakafu.

Vilikuwa vikimtafuta bila haraka, kwa imani kabisa. Angeweza kusubiri mpaka mtoto alale, bibi ambebe. Kesho angerudi, na keshokutwa, na kila siku iliyobaki, akilala hapo saa nzima nzima, shingo yake imeegemea ubao. Mtoto haelezwi habari ya kiini wala ya jasho. Mtoto anaelewa kitu kimoja.

Nyamizi akavuta pumzi.

"Toka hapa!" alifoka.

Ilikuwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia hata kwa wanafunzi. Vidole vikaganda.

"Toka! Nenda zako! Sikutaki! Toka mlangoni kwangu!"

Akaupiga ukuta teke, akatupa kikombe cha bati mlangoni kikapiga na kulia. Vidole vikatoweka. Alisubiri kilio, akajikaza kukipokea, lakini kilio hakikuja. Alisikia miguu mitupu ikikimbia kwenda upande wa jikoni, kisha sauti ya Mama Apolinaria ikinong'ona kitu kwa Kinyamwezi, pole pole, vile watu wanavyombembeleza mtoto aliyeng'atwa.

Mama Apolinaria hakuja dirishani kuuliza. Aliweka chakula mahali pake pa kawaida, akaenda.

Asubuhi yake Kabula alicheza ua mzima. Alikimbiza kuku, akala uji wote. Alipotaka kupita upande wa chumba cha nyuma, alizunguka kwa mbali, mkono mmoja umeshika ukuta wa upande wa pili wa ua, jicho likiwa mlangoni kama mtu apitaye penye mbwa mkali. Nyamizi alikuwa dirishani. Hakumwita. Huko mbali alikokuwa, mtoto alikuwa salama.